Uchovu wa mgonjwa wa moyo si uvivu: namna ya kugawa nguvu uliyobaki nayo

BUTEMBO, Kivu Kaskazini — Katika vijiji vya milimani vya wilaya ya Lubero, kuanzia Kipese hadi kwenye viunga vya mji wa Butembo, afya ya mtu hupimwa kwa miguu yake. Mzima ni yule anayepanda mlima asubuhi na jembe, kisha akarudi jioni na mzigo wa viazi au maharagwe mgongoni, mkanda umeshika kwenye paji la uso. Anayesimama kila hatua ishirini ili avute pumzi huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Kwanza wanasema anazeeka. Baadaye wanasema ni mvivu. Miguu na tumbo vikianza kuvimba, wengine hunong'ona kwamba amelishwa sumu au amerogwa.

Mara nyingi si hayo yote. Ni moyo ulioshindwa kusukuma damu ya kutosha mwilini. Ugonjwa huu unaitwa moyo kushindwa kufanya kazi, na wengi hapa kwetu husema tu "ugonjwa wa roho". Jina hilo linatisha, kwa sababu mtu hudhani moyo umesimama au uko karibu kusimama. Maana yake ni kwamba moyo bado unapiga, lakini kazi yake haitoshelezi tena mahitaji ya mwili.

Kuvimba miguu kila mtu anakuona. Uchovu hauonekani, na ndiyo sababu mgonjwa huonewa kwa ajili yake. Jamaa wengine humsukuma afanye kazi kama zamani. Wengine humketisha kitini kuanzia asubuhi hadi usiku, wasitake aguse hata kijiko. Njia zote mbili humdhuru. Makala hii inaeleza uchovu huo unatoka wapi, unavyoweza kupunguzwa katika maisha ya milimani, na wakati gani haupaswi kuvumiliwa hata siku moja.

Uchovu huu unatoka wapi

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika, sawa na bidoni dogo la maji. Mtu huyohuyo akipanda mlima mkali, moyo wenye afya unaweza kufikisha hata lita 20 kwa dakika, sawa na lile bidoni la njano ambalo watoto huenda nalo kwenye chemchemi. Moyo uliochoka unaweza kutosheleza mwili ukiwa umeketi, lakini mlima ukianza, hauwezi kuongeza kasi inavyotakiwa. Misuli ya miguu inakosa damu na hewa safi, na mwili unaagiza kusimama. Uchovu ni agizo hilo.

Kuna na sababu nyingine juu ya hiyo. Damu ikichelewa kurudi moyoni, maji hukusanyika kwenye mapafu, na usiku mgonjwa hukosa usingizi kwa sababu akilala chali anabanwa na pumzi. Misuli isiyotumika nayo hukonda na kudhoofika, hivyo kazi ndogo inakuwa nzito. Dawa za kukojoa humwamsha mtu mara kwa mara zikinywewa saa isiyofaa. Na huzuni ya kuwa mtu asiyeweza kulima wala kuchota maji, katika nchi ambamo karibu kila kitu hufanywa kwa mikono, inachosha kama kazi yenyewe.

Madaktari hupanga ugonjwa huu katika ngazi nne, kwa utaratibu ulioanzishwa mwaka 1928 na chama cha madaktari wa moyo cha New York. Wa ngazi ya kwanza hufanya kazi zake za kawaida bila shida. Wa pili huchoka kwa kazi za kawaida, kama kupanda mlima na mzigo. Wa tatu huchoka hata kwa kazi ndogo, kama kufagia nyumba au kuoga. Wa nne amechoka na kuhema hata akiwa ameketi. Ni vizuri mgonjwa ajue yuko ngazi gani, kwa sababu jambo la maana kuliko ngazi yenyewe ni kuona kama anapanda au anashuka.

Wagonjwa wetu ni watu wa umri wa kulima

Ulaya na Marekani, moyo kushindwa ni ugonjwa wa wazee hasa. Afrika ni habari nyingine. Utafiti mkubwa ulioitwa THESUS-HF, uliotangazwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika. Kongo haikuwa kati ya nchi hizo, lakini jirani zetu Uganda na Kenya zilikuwamo. Wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Sababu ya kwanza ilikuwa shinikizo la damu, karibu wagonjwa 45 kati ya 100. Ugonjwa wa moyo unaotokana na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa ulikuwa na wagonjwa 14 kati ya 100. Baada ya miezi sita, karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki.

Umri wa miaka 52 ni umri wa mtu ambaye bado analipa karo ya shule, bado analima, bado anabeba. Na wapo walio wadogo zaidi. Mwanamke anaweza kupatwa na udhaifu wa moyo katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa kuwa kila mzazi wa mtoto mchanga huchoka, uchovu wake hauangaliwi. Mama aliyejifungua akishindwa kulala chali, akihema kwa kutembea uani, au miguu ikizidi kuvimba badala ya kupungua, apelekwe hospitali apimwe moyo. Asiambiwe kwamba ni kunyonyesha tu.

Uchovu wa namna tatu

Mgonjwa wa moyo anapaswa kujifunza kutofautisha uchovu wa namna tatu, kwa sababu kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza ni uchovu wa kila siku. Unakuja baada ya kazi, unapungua baada ya kupumzika, na leo unafanana na ule wa wiki iliyopita. Huu unaweza kuishi nao kwa kugawa nguvu vizuri.

Wa pili ni uchovu wenye sababu nyingine iliyojificha nyuma ya moyo. Kupungukiwa damu ndiko kunakoonekana mara nyingi: katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa moyo kushindwa walikuwa na upungufu wa damu. Malaria, minyoo, hedhi nzito, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa tezi ya shingo na huzuni ya muda mrefu vinaweza kufanya vivyo hivyo. Uchovu wa namna hii hauishi kwa kupumzika. Unaisha sababu yake ikipatikana na kutibiwa, na vipimo vya damu ndivyo vinavyoionyesha.

Wa tatu ni uchovu wa hatari. Unakuja haraka, ndani ya siku chache, pamoja na kuvimba, kuongezeka uzito au kuhema. Huo ni ujumbe kwamba maji yanajaa mwilini na moyo unazidiwa. Kuupumzikia nyumbani ni kupoteza siku ambazo zingemwokoa mtu.

Gawa nguvu kama pesa ya soko

Mama anayeingia sokoni na pesa kidogo hanunui kitu cha kwanza anachokiona. Anafikiri kwanza: lazima chumvi, lazima sabuni, nguo inaweza kungoja. Nguvu za mgonjwa wa moyo zinatumika namna hiyohiyo. Zinatosha mambo machache kwa siku, na akizimaliza zote asubuhi, jioni hana, na mara nyingi kesho yake pia hana.

Hatua ya kwanza ni kujua nguvu zinakwenda wapi. Kwa wiki moja, andika au mwambie mtoto akuandikie ulichofanya na ulivyojisikia baadaye. Kipimo ni rahisi: ukifanya kazi, ukapumzika karibu saa moja, na bado uchovu haujapungua, au ukaamka kesho yake umechoka kuliko jana, kazi hiyo ilikuwa kubwa mno. Usiiache moja kwa moja. Igawe, ipunguze, au mpe mwingine sehemu yake nzito.

Hatua ya pili ni kuchagua. Andaa siku usiku uliotangulia: jambo gani ni lazima, lipi linaweza kungoja, lipi linaweza kufanywa na mtu mwingine. Siku ya kwenda soko isiwe pia siku ya kufua. Siku ya misa au ibada, usianze kwa kufagia uwanja wote. Weka kazi nzito katika saa unazojisikia vizuri, ambazo kwa wengi ni asubuhi, na usiweke kazi mbili nzito bila mapumziko katikati.

Hatua ya tatu ni kubadili namna ya kufanya. Mengi ya hapa hayagharimu kitu:

Keti. Kumenya viazi, kuchambua maharagwe, kusonga mboga, kufua na hata kuoga kunaweza kufanywa ukiwa kwenye kigoda. Kusimama kunakula nguvu, na kuinama kunabana pumzi. Ukiweza, inua mbabula juu ya matofali ili usipikie ukiwa umeinama.

Punguza mzigo. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu mlima. Mgonjwa wa moyo asilibebe. Bidoni la lita 3 au 5 kwenye njia tambarare linaweza kukubalika kwa mtu wa ngazi ya pili. Lile kubwa ni la vijana wa nyumbani. Magunia yaende kwa chukudu au kwa pikipiki.

Panda polepole. Kwenye mlima, tembea ukiwa bado unaweza kuzungumza. Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, umekwisha kupita kiasi. Simama kabla ya kuchoka, si baada ya kuchoka. Wengi hufanya kinyume: hukaza mpaka wafike juu, na huko huanguka.

Usipande mara tu baada ya kula. Tumbo lililojaa huchukua damu yake ya kumeng'enya chakula. Sahani kubwa ya bugali mara moja kwa siku inalemea. Sahani ndogo tatu au nne ni bora, na pumziko fupi baada ya kila moja.

Pumzika kwa saa. Vipindi viwili vya dakika 20 hadi 30 mchana vinatosha wengi. Kulala saa nne mchana kunaiba usingizi wa usiku.

Shamba nalo halihitaji kuachwa lote. Familia yenye bustani karibu na nyumba inaweza kumpa mgonjwa kazi ya kupalilia vitunguu au lengalenga akiwa ameketi, na kuwaachia wengine shamba la ng'ambo ya mlima. Anabaki mkulima, na heshima hiyo ina thamani kwa afya yake.

Kutembea ni sehemu ya matibabu

Zamani madaktari wenyewe waliwaambia wagonjwa hawa walale. Leo ushauri umebadilika. Mwaka 2009, utafiti wa HF-ACTION uliowahusu wagonjwa 2,331 nchini Marekani, Kanada na Ufaransa ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa vizuri hayakuwa na hatari kwa wagonjwa waliotulia, na yaliwapa nafuu kiasi katika nguvu na maisha yao ya kila siku. Sababu ni kwamba misuli iliyozoezwa hutumia vizuri damu kidogo inayoifikia, kwa hiyo moyo unasumbuliwa kidogo.

Huhitaji mashine. Kwanza muulize daktari kama hali yako imetulia. Akikubali, tafuta mahali tambarare, kama uwanja wa shule, wa mpira au wa kanisa, na utembee dakika tano kwa siku. Ukiona kesho yake hujazidiwa, ongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, hadi ufikie nusu saa. Siku ambayo umevimba, una homa, au umelala vibaya kwa kuhema, usitembee. Mvua na baridi za milimani pia si vya kupambana navyo. Jifunike vizuri au zunguka ndani ya nyumba.

Usikimbilie serumu

Hapa kuna tabia ambayo inaweza kuua. Mtu akijisikia mnyonge, wengi hukimbilia zahanati ya karibu kuomba "serumu ya nguvu". Kwa mtu aliyepungukiwa na maji kwa kuhara, serumu inaokoa. Kwa mtu ambaye moyo wake umeshindwa na mwili umejaa maji, chupa moja au mbili zinaweza kujaza mapafu na kumzamisha akiwa kitandani. Kabla hujakubali kuwekewa serumu, sema kwa sauti: mimi ni mgonjwa wa moyo. Na kama mgonjwa hawezi kusema, aliyemsindikiza aseme.

Hivyohivyo na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila mahali, na mkulima mwenye maumivu ya mgongo hununua bila kuuliza. Dawa hizo huzuia chumvi na maji yasitoke mwilini, huumiza figo, na zinaweza kumrudisha mgonjwa wa moyo hospitali. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Dawa za kienyeji nazo usizichanganye na za hospitali bila kumwambia daktari. Hatakuchukia kwa kumwambia ukweli.

Pombe haitoi nguvu pia. Kasiksi na lutuku huchosha msuli wa moyo, huharibu usingizi, na huvuruga dawa.

Chumvi, mizani na saa ya dawa

Chumvi hushika maji mwilini kama sponji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu chumvi yote ya chakula. Makayabu, samaki wengine wa chumvi na vibonge vya supu hufikisha kiasi hicho upesi. Asiyeweza kuacha makayabu ayaloweke usiku kucha, abadilishe maji mara mbili au tatu, asiongeze chumvi wala kibonge kwenye sufuria, na ale kidogo, tena mara chache. Vitunguu, puaro, nyanya, ndimu na tangawizi, ambavyo vinapatikana sokoni kwetu, hutia ladha bila kushika maji.

Mizani ni rafiki wa pili. Jipime asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, ukiwa na nguo zilezile. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Nenda kituo cha afya. Asiye na mizani nyumbani anaweza kuomba kupimwa kituoni siku anazopita, na siku nyingine atumie alama za mwili: viatu vinabana kuliko wiki iliyopita, mkanda au kitenge kinafungwa kwa shida, na ukibonyeza mbele ya mguu kwa kidole, shimo linabaki.

Dawa za kukojoa, kama furosemidi, zinywewe asubuhi. Ukipewa mara mbili, ya pili iwe mapema alasiri, siyo jioni, ili usiku ulale. Wengi huiruka siku ya safari kwa kuogopa kukojoa njiani kwenye pikipiki. Usiiruke. Muulize muuguzi kama unaweza kuinywa ukishafika.

Kuna dawa nyingine, kama karvediloli na bisoprololi, ambazo hupunguza mbio za moyo. Wiki za kwanza zinaweza kuongeza uchovu, na hapo ndipo wengi huzitupa wakisema zinawaua. Kwa kawaida uchovu huo hupungua mwili ukizoea, na faida yake huonekana baada ya miezi. Kuziacha ghafla ni hatari. Ukihisi kizunguzungu, kiu kali, mikakamao ya misuli, au ukiharisha na kutapika, rudi haraka kwa aliyekuandikia ili kipimo kiangaliwe. Na mwanamke anayetumia dawa za moyo azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu baadhi yake, kama enalaprili, humdhuru mtoto tumboni.

Wakati wa kwenda hospitali bila kungoja

Usingoje kesho ukiona moja ya haya: kuhema ukiwa umeketi, kuamka usiku umebanwa na pumzi, kuhitaji mito mitatu ulipozoea mmoja, kukohoa povu jeupe au lenye rangi ya damu, maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kwenda mbio bila kutulia, kuchanganyikiwa akili, au mkojo kupungua sana. Uchovu ulioongezeka ghafla pasipo kazi yoyote ni mmoja wa ndugu zao.

Anayetoka vijijini huanzia kituo cha afya, na kituo kinaweza kumtuma kwenye hospitali kuu ya eneo la afya, au Butembo kwenye hospitali kama Kitatumba, Katwa au Matanda. Wenye uwezo huvuka mpaka hadi Kampala, kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Lakini safari ya Kampala si ya kila mtu, na kazi kubwa ya ugonjwa huu haiko Kampala. Iko kwenye kupima shinikizo la damu, kupima uzito, kuongeza au kupunguza kidonge, na kumjua mgonjwa kwa jina.

Kazi hiyo wauguzi wanaiweza. Nchini Rwanda, wizara ya afya na shirika la Partners In Health walianzisha katika hospitali za wilaya za vijijini kliniki ambazo wauguzi waliofunzwa huwafuatilia wagonjwa wa moyo. Agosti 2022, mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Lomé, Togo, walipitisha mpango uitwao PEN-Plus wa kusogeza huduma hizo za magonjwa makali ya kudumu kwenye hospitali za ngazi ya wilaya. Kwa milima ya Lubero, hilo lingeweza kumaanisha mgonjwa kupimwa karibu na nyumbani badala ya kungoja mpaka abebwe kwenye machela.

Vita navyo vinachosha

Hakuna ushauri wa afya hapa kwetu unaoweza kupita pembeni ya vita. Mwishoni mwa Juni 2024, mji wa Kanyabayonga ulipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi zilikimbilia kaskazini kupitia wilaya ya Lubero. Upande wa Beni, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewatoa watu mashambani kwa zaidi ya miaka kumi. Mgonjwa wa moyo anayekimbia hutembea kuliko anavyoweza, hulala chini, hula anachopewa, na mara nyingi huacha dawa nyumbani.

Kwa hiyo jiandae wakati wa utulivu. Weka fishi yako ya ugonjwa, yenye majina ya dawa, vipimo vyake na uzito wako wa kawaida, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi. Ukiweza, uwe daima na dawa za wiki mbili za ziada. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mfuko huo uko wapi. Mkianza safari, mgonjwa atangulie mapema, asibebe kitu, na achukuliwe kwa pikipiki au chukudu pale njia inaporuhusu. Mkifika mlikokimbilia, jambo la kwanza ni kutafuta kituo cha afya na kuonyesha ile fishi, hata kama unajisikia vizuri.

Kazi ya jamaa

Mwisho ni neno kwa wanaoishi na mgonjwa. Mtu aliyekuwa akibeba gunia na leo anasimama kupumzika akitoka chooni hahitaji kuulizwa "umefanya nini leo?" Anahitaji mtoto mmoja aliyepewa kazi ya maji, mmoja aliyepewa kazi ya kuni, na nafasi ya kufanya kile anachokiweza bila kunyang'anywa. Anahitaji sufuria moja ya nyumba nzima yenye chumvi kidogo, kwa sababu anayepikiwa peke yake huchoka kula peke yake. Na mume au mke asiogope kuzungumza na muuguzi juu ya mambo ya ndoa. Kwa mgonjwa aliyetulia mara nyingi yanawezekana, kwa kiasi na bila haraka.

Jamaa pia ndio huona mapema kile ambacho mgonjwa anakificha ili asiwe mzigo. Kila jioni muulizeni mambo matatu: leo ulifika wapi kabla ya kusimama? Usiku ulilala na mito mingapi? Viatu vinaingia? Majibu yakiwa yaleyale ya jana, mwacheni apumzike na kesho aendelee na kazi zake ndogo. Yakibadilika kuwa mabaya kwa siku mbili au tatu, tafuteni pikipiki asubuhi na mapema mumpeleke kituoni.